Jua la Kingojo

Nchi hii wajukuu zetu huingia kwa vidole, wameinama juu ya kioo cha simu, chai inapoa pembeni yao. Mimi niliingia kwa miguu. Nilivyofika siwezi kueleza mkanielewa, kwa hiyo naacha. Naandika niliyoyaona, ili atakayekwenda huko ajue atakayoyakuta, asipigwe na butwaa kama nilivyopigwa mimi, mjane wa Tabora niliyeishia darasa la saba.

Kijiji nilichofikia kinaitwa Kingojo. Langoni pake amesimama mwanamume mwenye kanzu ya kijani, jina lake Kibwana. Nilimsalimu. Akasema, "Karibu Kingojo! Kisima chetu kina maji matamu!" Nikashukuru, nikamuuliza habari za nyumbani kwake. Akasema, "Karibu Kingojo! Kisima chetu kina maji matamu!" Nikamuuliza kama anaumwa, akanitajia tena kisima. Nikasema moyoni, huyu ana yake, nikapita. Mbele nikamkuta mwanamke anafagia. Nikampa pole ya kazi. Akanijibu, "Mfalme wa Giza ameamka kaskazini! Muda umebaki mchache!" Na akaendelea kufagia palepale, mahali ambapo palikuwa peupe kama sahani.

Maji ya kile kisima niliyanywa. Yana chumvi kidogo.

Nilidhani watu wote wa kule wamepungukiwa akili mpaka nilipofika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, Bi Nunu, mama mnene mwenye macho makali, alinipokea kwa kelele, "Kitanda kipo! Ukilala hapa majeraha yote yatapona!" Kisha akaja akasimama bega kwa bega nami, mgongo ukutani, akanong'ona.

"Usinitazame. Ukinitazama nitakuambia habari za kitanda tena."

"Nitazame wapi, dada?"

"Tazama kuku."

Nikatazama kuku. Ndipo akanifahamisha. Kila mtu wa Kingojo amepewa neno moja la kumwambia mpita njia, na kila akitazamwa usoni, neno hilo humtoka, atake asitake. Mazungumzo yao mengine yote huyafanya pembeni, bega kwa bega, kila mtu na macho yake mbali. Mke na mume huzungumza hivyo. Mama na mwanawe huzungumza hivyo. Uso kwa uso kuna sheria tu.

"Wewe huna namba," Bi Nunu aliendelea, macho kwa kuku. "Paji lako la uso tupu kabisa. Umri wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Namba ya nini?"

"Makubwa haya! Ya kujulikana wewe ni nani."

Kule kila mtu ana namba kwenye paji la uso. Hupandishwa kwa kwenda majanini kuponda makoa, wale konokono wasio na nyumba. Ukiponda wengi unapanda. Mkubwa wa kijiji, ambaye cheo chake ni Mkadamu, ana namba kubwa kuliko wote. Aliponda makoa mpaka makoa wakawa wakimwona wanahama. Hajui kupika uji, wala hajui jina la jirani yake, lakini akipita watu husimama kumpisha kiti. Sikucheka. Kwetu pia nimeona viti vikipishwa kwa sababu zinazofanana na hizo.

Nililala kwa Bi Nunu, kama kule ni kulala. Sijajinyoosha vizuri, akavuta pazia, akaimba wimbo mfupi, akalifungua. "Umeamka! Habari za asubuhi!" Nje jua lilikuwa palepale.

Hilo la jua ndilo lililonikata maini. Nilikuwa nimeswali alasiri nilipofika. Nikakaa kwenye mkeka kungoja magharibi, tasbihi mkononi. Tasbihi ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi. Kivuli cha mlango hakikusogea. Tangu Marehemu Sudi, mume wangu, alipoondoka, nimekuwa mpweke kwa namna nyingi, lakini swala zilikuwa zinanijia kama wageni, huyu akitoka yule anaingia, na kila mmoja ananikuta nyumbani. Kule Kingojo hakuna aliyekuja. Nilikaa na alasiri ileile, kama mtu aliyesahauliwa stesheni.

Nilitoka kunyoosha miguu. Nyumba za kule zina milango lakini hazifungwi, na sababu nitaieleza. Nikipita kwenye nyumba moja ya mwisho nikasikia mtu anaguna kwa maumivu. Nikasimama nje ya mlango, nikabisha.

"Hodi!"

Sauti ya mwanamke ikauliza, "Umesema nini?"

"Nimebisha hodi."

"Ndiyo nini?"

"Naomba ruhusa niingie."

"Na nikikataa?"

"Nitakwenda zangu, mama."

"Hebu sema tena."

"Hodi."

"Bado." Nikamsikia anavuta pumzi. "Sema tena."

"Hodi, mwenye nyumba."

"Ingia," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Ingia, mwenzangu. Karibu."

Huyo ndiye Zawena. Niliingia nikamtazama usoni kwa kusahau, naye akapaza sauti kama mtu aliyeguswa na moto, "Mume wangu ni mgonjwa! Jani la mnururu pekee ndilo litakalomponya!" Nikageuka haraka. Tukakaa bega kwa bega kwenye ukingo wa kitanda, tumeelekea mlango wa nyuma. Nyuma yetu amelala mumewe, Feruzi, amefumba macho, jasho usoni, anaguna kwa mpigo uleule mmoja, kama mashine ya kusaga iliyoko mbali.

"Jani hilo linapatikana wapi?" niliuliza.

"Unaliona."

Kweli nililiona. Nje ya mlango wa nyuma, umbali wa kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe mmea mdogo wenye jani moja linalong'aa.

"Hilo?"

"Hilo."

"Na hujalichuma?"

"Mkono wa mtu wa Kingojo haulishiki kabla halijachumwa. Unapita kama unashika moshi. Ni la mtu wa nje. Tunamngoja Mteule."

Mteule ndiye anayengojwa na nchi nzima. Yeye ndiye atakayemshinda Mfalme wa Giza. Yeye pekee ana Haki ya Sanduku, yaani kuingia nyumba yoyote bila kubisha, kufungua sanduku lolote na kuchukua atakacho, na mwenye nyumba atasema neno lake kwa furaha. Ndiyo maana milango haifungwi. Akitaka atavunja na mitungi, atazame kama kuna kitu ndani. Wanawake wa Kingojo huweka mitungi mingine.

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Mara ya mwisho kasikika bandarini, anavua samaki."

"Na Mfalme wa Giza?"

"Anamngoja amalize kuvua."

Mimi ni mgeni, na mgeni havunji sheria ya wenyeji kabla ya kuuliza. Nilikwenda kwa Mkadamu kuomba ruhusa nichume lile jani. Akaitisha baraza. Wazee walikaa safu moja, wote wameelekea ukuta, ili waweze kuzungumza. Nami nikapewa nafasi mwishoni, karibu na Bi Nunu, nikajadiliana na ukuta kama wao.

"Mama mgeni," Mkadamu alisema, "huruma yako tumeiona. Lakini Mteule hupanda namba kwa kazi, na hii ndiyo kazi yake ya Kingojo. Ukimnyang'anya, atapungukiwa. Akipungukiwa, atashindwa kule kaskazini. Unataka dunia iishe kwa ajili ya Feruzi?"

"Huyo Mfalme wa Giza," Bi Nunu akadakia, "amewahi kufika hapa hata kuomba maji?"

"Bi Nunu, wewe ni namba tatu."

"Tatu yangu inatosha kuulizia."

Mzee mmoja akakohoa. "Tusizunguke. Jua letu limefungwa kwenye kazi hii. Feruzi akipona, jua litatembea. Likitembea tutazeeka. Tutakufa. Mimi meno yangu yote yapo."

"Yapo," Bi Nunu akasema, "na mkate ni uleule tangu yaote."

Walijadili mpaka nikachoka kuusoma ule ukuta. Mwisho wakaamua kwamba shauri ni zito, kwa hiyo lingojwe mpaka Mteule aje aulizwe mwenyewe. Nikauliza, anakuja lini? Mkadamu akasema, "Muda umebaki mchache," na wote wakaitikia, na baraza likafungwa.

Nilirudi kwa Zawena na habari hizo, nikatarajia atalia. Hakulia.

"Nashukuru wamekataa," alisema.

Nilikuwa nimekwisha kujifunza kungoja mtu wa Kingojo amalize.

"Haponi, mwenzangu, lakini hafi. Umesikia walivyosema. Nikimpa lile jani atasimama, na jua litasimama naye liondoke. Atasimama siku mbili, kumi, miaka, sijui. Halafu itakuja siku yake. Mteule akimpa, ni sheria. Nikimpa mimi, ni mimi niliyeifungulia mlango siku ile." Kisha akauliza, "Wewe wako yuko wapi?"

"Alifariki."

"Alisema nini mwisho?"

"Aliomba maji. Nikamletea kwenye kikombe chake cha bati. Akasema yana baridi."

"Basi?"

"Basi."

Alitaka kujua nilifanya nini baada ya hapo, na nikamweleza eda. Kwamba mjane kwetu hukaa ndani, hajipambi, hatoki ovyo, anangoja. Kwamba eda ina siku zake, nazo zinajulikana, na siku ya mwisho wanawake wenzako huja kukuogesha, wanakufukiza udi, wanakuvalisha, wanakutoa nje. Jua linakuchoma macho. Unaona watu wamenunua, wameuza, wamezaa, wewe hukuwepo. Inauma. Lakini umetoka.

"Kwa hiyo kungoja kwenu kunaisha," Zawena akasema.

"Kunatakiwa kuishe."

Hapo akainuka akafungua sanduku lililokuwa miguuni mwa kitanda, akatoa viatu vya ngozi vya mwanamume. Akaanza kuvipaka mafuta kwa kitambaa, polepole. Viling'aa mpaka unaweza kujitazama. "Vya siku atakayosimama," alisema. "Mteule akija havitakuwa na vumbi." Akavirudisha, akafunika. Nilielewa kwamba hiyo ndiyo ibada yake.

Tukasikia vishindo barabarani. Mwanamke wa ufagio alikuwa anapiga kelele ya neno lake kwa sauti mpya kabisa. Mteule amekuja.

Nilimwona vizuri. Kijana tu, wa umri wa kuoa, upanga mgongoni, namba yake si kubwa kama nilivyodhani. Nyuma yake wanafuata watu watatu kwa mstari, kila mmoja anakanyaga alipokanyaga mwenzake, hakuna anayemwambia mwenziwe kitu. Aliingia ndani bila hodi. Alimfikia Zawena, na Zawena akasimama wima, mikono imekutana kifuani, akaanza, "Mume wangu ni mgonjwa! Jani la..." Hakumaliza. Kijana aliyakata maneno yake katikati, kwa namna ya mtu anayepitisha kurasa, akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akavunja mtungi wa maji. Akatazama vigae. Akaenda kwenye sanduku.

"Kijana," nikasema, "kwetu mtu hubisha hodi. Na mtu mzima huamkiwa."

Akanigeukia, akasimama mbele yangu, anangoja nimwambie neno langu. Nikasema, "Vya kuchukua viko vingi, hivyo viatu viache." Akangoja tena. Nadhani katika safari zake zote hakuna aliyewahi kumjibu jambo lisilokuwa limepangwa, na sikio lake halikuwa na mahali pa kuliweka. Uso wake ulikuwa umechoka. Nilimwonea huruma, wallahi. Halafu akavaa viatu vya Feruzi, vikamwenea, akatoka. Wa mwisho katika ule mstari, binti mwenye fimbo, aligeuza shingo kidogo kutazama kitanda. Lakini mstari ulikuwa unakwenda, naye akaenda.

Tulisimama mlangoni. Tuliwaona wakikata kushoto, njia ya bandarini. Jani lilikuwa linang'aa pale kwenye jiwe, nyuma ya nyumba. Hawakulitazama.

Zawena alirudi akakaa mbele ya sanduku tupu. Vigae vya mtungi vilikuwa miguuni pake na maji yanaingia ardhini. Alikaa sana, kama katika nchi ile kuna kukaa sana na kukaa kidogo.

"Niliyekuwa namngoja ni huyo?" akasema.

"Ni huyo."

"Chuma, mwenzangu."

"Una hakika?"

"Hapana. Chuma."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasema bismillahi, nikalichuma. Lilikatika kama mchicha. Nikamtilia mkononi mwake, nikamwambia, "Mimi naishia hapa. La kumpa ni lako."

Akalishika, mwanga wake unampanda kidevuni. "Kama siku ile ungekuwa na uwezo wa kulisimamisha jua, ungelisimamisha?"

Swali hilo nilishajiuliza kwenye mkeka. Sikutaka kumdanganya. "Siku ile, ndiyo. Ningelisimamisha kwa mikono miwili. Na mpaka leo angekuwa ananiomba maji, na mimi nimeshika kikombe."

Alilitafuna lile jani kwanza yeye, kama mama anavyomlainishia mtoto, akamtilia mumewe kinywani.

Mguno ukakatika. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba kimya chake kilinipiga masikioni. Feruzi akafumbua macho, akayaelekeza moja kwa moja usoni kwa mkewe, naye Zawena akafunua kinywa, "Mume wangu ni m..." na neno likamwishia hapo. Halikuwa na pa kwenda. Wakatazamana. Sijui walikuwa hawajatazamana tangu lini.

Feruzi akainua kichwa, akaona miguuni. "Sanduku liko wazi," akasema kwa sauti ya kutu. "Viatu vyangu nani kachukua?"

Zawena akaangua kicheko, machozi yanamtiririka. "Vimekwenda bandarini kuvua samaki!"

"Viatu vyangu vya ngozi?"

"Ndivyo!"

"Na wewe unacheka."

"Nacheka, mume wangu."

Nikawaachia chumba chao. Nje kivuli cha mlango kilikuwa kimesogea. Nilisimama kukitazama, kikaenda, kikaifikia miguu yangu, kikaipita. Watu walikuwa wametoka majumbani, wameshika vichwa, wanatazama magharibi ambako anga lilikuwa linageuka rangi ya kahawia na waridi. Mkadamu alikuja mbio, kanzu mkononi, anauliza nani kafanya hivi, nani kathubutu. Lakini giza lilikuwa linaingia, na namba yake haikusomeka. Mtu mmoja akamwambia, "Kaa chini, baba, unatuziba," naye kwa kukosa la kufanya akakaa.

Kumbe sheria ya uso hutegemea kuonana. Katika lile giza watu waligeukiana, kwanza kwa woga, halafu vikundi vikundi, wakazungumza uso kwa uso na hakuna neno lililowatoka kwa nguvu. Nilimsikia Kibwana wa langoni akimwambia mwanamke wa ufagio, "Yale maji, kusema kweli, yana chumvi." Bi Nunu alikuwa anazunguka anauliza kila mtu, "Hii ndiyo jioni? Yenyewe? Mbona hamkuniambia ni nzuri?" Yule mzee wa meno alikaa peke yake kwenye jiwe, analia taratibu, na hakuna aliyemcheka.

Nilitandika mkeka nikaswali magharibi. Ilinikuta.

Nilipoondoka, kulikuwa kumekucha kweli. Feruzi alikuwa uani, pekupeku, anakohoa kikohozi kidogo cha asubuhi. Nilimwona Zawena akikisikia kile kikohozi, mkono wake ukisimama juu ya jiko, kisha ukiendelea. Alinisindikiza hadi langoni. Akanitazama usoni mchana kweupe, akatafuta neno la kuagana, hakulipata, maana hakuwahi kupewa. Akasema lile moja alilojifunza kwangu.

"Hodi, mwenzangu."

"Karibu," nikamjibu. "Karibu sana."

Nilifika kwangu Tabora adhuhuri. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha, mlango umefungwa, kikombe cha bati kinaonekana dirishani. Ufunguo ninao mwenyewe. Hata hivyo nilisimama kizingitini nikabisha hodi, nikangoja kidogo kwa adabu.

Mama Chausiku, jirani yangu, alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua. "Shoga, unambishia nani hodi kwenye nyumba yako? Habari za huko?"

Nilifunua kinywa nimpe jibu langu, lile ninalompa kila mtu tangu nilipotoka eda, kwamba salama tu, alhamdulillahi, namshukuru Mungu. Lilikuwa tayari ulimini. Nikalizuia.

"Njoo ukae nami kidogo," nikamwambia. "Mle ndani kumenyamaza mno."

Akanitazama. Akaweka ungo chini, mchele nusu umepepetwa, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja.